Muvi inacheza kwenye kompyuta, inagoma kwenye TV: historia fupi ya kiboksi

Umewahi kukutwa na hili? Umepakua muvi, umeiweka kwenye flashi, umeichomeka kwenye TV na familia nzima imeshakaa. Picha inakuja safi, sauti hakuna. Au TV inakuambia faili halisomeki. Ukilirudisha kwenye kompyuta, linacheza bila shida.

Wengi tunasema TV ni feki. Kumbe mara nyingi TV ni nzima kabisa. Tatizo lina historia ya miaka zaidi ya thelathini, na sehemu yake si ya kiufundi. Ni ya pesa.

Tuanze na hesabu

Picha ya VCD ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo. Chukua wastani wa biti 12 kwa kila nukta, na picha 25 kila sekunde. Unapata kama biti milioni 30 kwa sekunde. CD ya kawaida husomwa kwa biti milioni 1.4 hivi kwa sekunde. Haipiti hata kidogo!

Dawa ilikuwa kufinya. Kanuni ya MPEG-1, iliyochapishwa 1993, haihifadhi kila picha nzima. Msomaji wa habari akiwa amekaa mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki, kwa hiyo yanaandikwa zaidi mabadiliko: midomo, macho, mikono. Video ikashuka hadi biti milioni 1.15 kwa sekunde. Hata hivyo diski moja ilibeba dakika 74 tu. Ndiyo maana muvi ya VCD ilikuja na diski mbili, na katikati ya mapigano mtu aliinuka kubadilisha.

Kanuni ya kufinya na kufinyua inaitwa kodeki. Likumbuke neno hilo.

Kutoka mezani hadi sebuleni

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mfaransa Jérôme Rota aliichokonoa kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft, na matokeo yakaitwa DivX. Sasa muvi nzima ya DVD iliingia kwenye CD moja ya MB 700 na bado ikatazamika. Wengi waliitumia kunakili filamu bila ruhusa, hilo halifichiki. Lakini hapo video ikaachana na diski, ikawa faili.

Shida ni kwamba faili liko kwenye kompyuta mezani, watu wako sebuleni. Wajanja wakaitazama Xbox, mashine ya michezo iliyotoka 2001, ikiwa na prosesa ya MHz 733 na tayari imeunganishwa na TV. Wakaifungua, wakaandika programu ya kucheza video. Programu hiyo ikakua ikaitwa XBMC, na tangu 2014 inaitwa Kodi. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye viboksi vingi leo.

Kampuni zikafuata. Mwaka 2008 Western Digital ilitoa WD TV: unachomeka diski yako, unaunganisha HDMI, basi. Mwaka 2013 ikaja Chromecast kwa dola 35. Hii ilikuwa na akili tofauti: kwa video za mtandaoni, simu haibebi video, inakiambia tu kifaa kikaichukue chenyewe.

Kontena na mzigo

Sasa turudi kwenye faili lako. Fikiria bandari ya Dar es Salaam. Makontena mawili yanafanana nje, moja lina mchele, jingine matairi. MKV, MP4 na AVI ni makontena. Ndani kuna mzigo wa picha na mzigo wa sauti, kila mmoja na kodeki yake. Kwa hiyo TV inaweza kulifungua kontena, ikaijua picha na isiijue sauti. Kusema "TV yangu inasoma MKV" ni kueleza kontena tu.

Kwa nini isijue sauti? Hapa ndipo pesa inapoingia. Kodeki nyingi zina hataza, na mtengenezaji hulipia leseni. Anayetaka kupunguza gharama anaiacha. Ushahidi mzuri ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya mwaka 2012. Chipu yake iliweza kabisa kufinyua MPEG-2, ila uwezo huo ulifungwa. Ukitaka, ulinunua ufunguo kwa pauni 2.40. Hukuletewa kifaa chochote. Ulinunua ruhusa.

Kwa upande mwingine kuna VLC, iliyoanza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris na kuachiwa huru mwaka 2001. Inabeba kodeki zake yenyewe, haisubiri TV wala kompyuta iwe nazo. Wanafunzi, kama sisi!

Kwa hiyo kabla hujashawishiwa kununua TV mpya, lifungue faili kwenye VLC na uangalie taarifa za kodeki, ya picha na ya sauti. Kama kinachogoma ni sauti, kiboksi cha bei nafuu chenye Kodi au VLC huenda kikamaliza kazi, au ibadilishe sauti pekee kwenye kompyuta. TV yako haijafa. Kuna mtu tu hakulipia ruhusa.