Mstari Unaouzunguka Moyo

Mwaka 2005 tulitoka Ibra alfajiri, mama yangu nyuma ya gari na mto wake, tukielekea Hospitali ya Royal, Maskati. Tiba ya mionzi ilikuwa imeanza Oman mwaka uliotangulia, 2004. Kabla ya hapo, mgonjwa wa Sur au Nizwa aliyehitaji mionzi alisafirishwa nje ya nchi.

Daktari alinionesha picha za CT za kifua cha mama, kipande baada ya kipande kama mkate uliokatwa. Kwenye kila kipande alizungusha mstari kwa mkono wake: moyo, mapafu, uti wa mgongo, ili mionzi ilenge penye ugonjwa na kuviepuka viungo hivyo. Nilimkumbuka babu yangu wa Sur, fundi majahazi. Wale mafundi walijenga bila michoro, jicho ndilo kipimo, na hakuna majahazi mawili yaliyolingana sawasawa. Hata mistari ya madaktari wawili hailingani.

Baadaye kompyuta zilianza kuchora mistari hiyo. Programu za mwanzo zilichukua mwili uliokwisha kuchorwa zikauvutavuta ufanane na wa mgonjwa. Umbo likiwa tofauti, zilikosea. Mwaka 2015 Ronneberger, Fischer na Brox wa Freiburg, Ujerumani, walitoa U-Net, mtandao wa neva bandia unaojifunza kutokana na picha zilizochorwa na wataalamu. Vizazi vyake huchora viungo kwa dakika chache.

Lakini programu hizo hujua tu miili ya aina iliyokuwa kwenye picha za mafunzo yake. Basi nawaomba madaktari wetu: mashine ikishachora, ukagueni kila mstari.