Pembetatu pacha: miguu iliyogeuka ndugu

Mwanafunzi wa shule ya msingi Mkotokuyana, kule Nachingwea, mkoani Lindi, huambiwa kuwa pembetatu yenye pande mbili zilizolingana ni pembetatu pacha. Akifika kidato cha kwanza anakuta umbo lile lile limevaa jina la Kigiriki lililopitia Kilatini na Kiingereza. Jina hilo, isoskeles, limetokana na isos, yaani sawa, na skelos, yaani mguu. Euclid alilitumia mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, katika fasili ya 20 ya kitabu cha kwanza cha Elementi zake: umbo limesimama kama mtu aliyetanua miguu. Wafasiri wa Baghdad, karne ya 8 na ya 9, hawakuuacha mguu huo. Kiarabu husema miundi miwili iliyo sawa. Hata Kijerumani, lugha ya waliotawala Lindi kabla ya Waingereza, kina miguu yake.

Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania tangu 1967, kimeshika njia nyingine, na naona kimepata zaidi. Mguu hutaja pande tu. Pacha hukubali pande na pembe pia, na hilo ndilo Euclid alilothibitisha katika pendekezo la 5: pande mbili zikilingana, pembe za kitako nazo hulingana. Fundi wa paa la mgongo analijua hilo kwa msumeno. Kuta zikiwa na kimo kimoja na mwamba ukiwa katikati, akishakata kombamoyo la kwanza hulilaza juu ya la pili, akachora, akakata. Urefu ni ule ule, mkato ni ule ule.

Atatokea wa kusema pacha ni wawili, hivyo pembetatu sawa, yenye pande tatu zilizolingana, imefungiwa nje. Euclid mwenyewe aliifungia nje; ni wanahisabati wa leo wanaosema pande mbili au zaidi. Na sisi si tunasema pacha watatu bila kusita?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtoto atalazimika kujifunza jina upya sekondari. Kweli, na mtihani hautamsamehe. Lakini mwenzake wa Uingereza naye hupewa neno la Kigiriki ambalo hasikii mguu wowote ndani yake, akalikariri hivyo hivyo. Wa Mkotokuyana analikariri akiwa tayari anajua kipi kinalingana na kipi.