Mbaazi mbichi: Jinsi ya kupika 'nzuu' zikiwa na maganda yake

Wajapani wana kitafunio kiitwacho edamame. Ni maganda mabichi ya soya yanayochumwa kabla ya punje kukauka, yakachemshwa mazimamazima kwa maji ya chumvi, kisha mlaji akafinya ganda na punje ikaingia kinywani. Anayetamani upishi huo katika Kitui au Makueni hana haja ya kusaka soya, zao linalotaka mvua ya kutegemewa kuliko inayopatikana huko. Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, huandaliwa kwa njia iyo hiyo.

Aina za jadi hupandwa mvua ya vuli, Oktoba na Novemba, zikavumilia kiangazi na kuzaa katikati ya mwaka unaofuata, wakati ambapo mboga nyingine zimeadimika. Aina za muda mfupi zilizotoka katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, mathalani KAT 60/8, hukomaa kwa miezi minne hadi mitano.

Faida kubwa ya kuzila mbichi ni kuni na maji. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha na bado hukaa motoni saa moja au zaidi. Mbichi huiva kwa nusu saa au chini ya hapo. Kwa mama anayeteka maji mbali, tofauti hiyo si ndogo. Aidha, gramu 100 za punje mbichi zina takriban gramu 7 za protini na miligramu 39 za vitamini C. Kavu zina protini mara tatu kwa uzani huo huo, ila vitamini C haimo.

Chuma ganda lililojaa, punje zikigusana ndani, lakini lingali kijani. Baadhi ya aina huwa na michirizi ya zambarau, nayo si dosari. Likianza kugeuka manjano, utamu umepungua na punje imekuwa ya unga. Tupa maganda yenye matundu, kwani humo mna kiwavi au alikuwamo. Pika siku ile ile ya kuchuma, maana sukari iliyo ndani ya punje huendelea kupungua hata ukiwa umelala.

Osha maganda kwa maji mawili. Chemsha maji kwanza, tia chumvi hadi uionje ulimini, kisha tumbukiza maganda na uache sufuria wazi ili rangi ya kijani isififie. Baada ya dakika 20 onja punje moja. Ikiwa bado ngumu, ongeza dakika tano tano. Chuja, nyunyiza chumvi kidogo, yaliwe yakiwa moto. Ganda halimezwi.

Wako wanaotia magadi ili zilainike upesi. Tabia hiyo haifai: magadi huharibu vitamini C na B1, na kwa punje changa hayana kazi yoyote.

Lipo jambo zito zaidi. Wakulima wengi hunyunyizia mbaazi dawa ya wadudu wakati wa maua na maganda machanga, wakitarajia kuvuna kavu majuma kadhaa baadaye. Anayechuma mbichi huvuna mapema, na mlaji hulitia ganda lenyewe mdomoni. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zihesabiwe kabla ya kuchuma. Dawa zinazopenya ndani ya mmea haziondoki kwa kuoshwa, na kuchemsha si dhamana. Unaponunua sokoni, uwe Wote, Emali au Mwingi, muulize muuzaji. Akisitasita, nunua ukaambue punje badala ya kupika na maganda.

Punje zilizoambuliwa huiva upesi zaidi na hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, zikaliwa kwa wali au chapati. Katika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, zitiwe nusu saa ya mwisho. Zikiingia pamoja na mahindi mwanzoni zitapondeka. Wapwani, waliozoea mbaazi kavu za nazi kwa mahamri asubuhi, wanaweza kuzipika mbichi kwa tui lile lile, ila tui zito lingoje punje ziive.

Mwenye friza azichovye punje katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, azipoze kwa maji baridi, azikaushe kwa kitambaa na kuzigandisha. Asiye nayo aache maganda mtini hadi siku ya kupika.