Mthibitishaji Anathibitisha Nini?

Vibao vya mawakili wengi Dar es Salaam hutaja kazi tatu kwa mkupuo: wakili, kamishna wa viapo, mthibitishaji wa umma. Wateja huzikusanya zote katika tendo moja, kugonga muhuri. Karatasi ikibaki nchini, mchanganyo huo hauna madhara makubwa. Ikivuka mpaka, unaweza kumgharimu mtu nafasi ya masomo.

Kamishna wa viapo hukuapisha: wewe ndiye unayeapa kwamba maelezo yako ni ya kweli, na uongo ukigundulika mzigo ni wako. Mthibitishaji huhakikisha kwamba aliyetia saini mbele yake ni wewe kweli, au kwamba nakala inalingana na hati halisi aliyoonyeshwa. Ukweli wa yaliyoandikwa ndani haumhusu. Hapo ndipo jina lake la Kiswahili linapoahidi kupita kiasi, kwa sababu sikioni mwetu kuthibitisha ni kuonyesha kuwa jambo ni kweli. Mimi ningemwita mthibitishaji wa saini, japo kazi ya nakala inabaki nje kidogo.

Bujumbura au Lubumbashi mambo ni mengine. Huko, kwa desturi ya sheria iliyotoka Ufaransa na Ubelgiji, notari huandaa hati yenyewe, huhifadhi ile halisi kwenye kumbukumbu zake na kukupa nakala. Hati yake ni ushahidi mzito mahakamani. Huyo aitwe notari. Kumwita mthibitishaji ni kumpunguzia kazi.

Muhuri wa ofisi ya mtaani kwenu haujulikani ng'ambo, kwa hiyo lazima mwingine audhamini. Njia ya zamani ni ndefu: wizara ya mambo ya nje inadhamini saini ya mthibitishaji, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda unadhamini saini ya wizara. Wengine huita mlolongo huu uhalalishaji. Neno hilo silipendi hata kidogo, maana hakuna kilichohalalishwa. Saini moja imetambua nyingine, basi.

Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961 ulifupisha safari hiyo kwa cheti kimoja, apostili: mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, vipengele 10 vyenye namba, na kichwa cha Kifaransa popote kinapotolewa. Oman imo tangu 2012, Burundi tangu 2015, Rwanda tangu Juni 2024. Sharti nchi zote mbili ziwemo, na moja iwe haikupinga kujiunga kwa nyingine.

Apostili nayo inasemea saini, cheo cha aliyesaini na muhuri. Ukipeleka nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyogongwa na wakili, apostili itamsemea wakili huyo, wala haitagusa saini ya msajili wa vizazi. Waulize mapema wanaoipokea kama wanaitaka juu ya cheti halisi au juu ya nakala. Tafsiri ni hivyohivyo: mfasiri akiapa mbele ya kamishna, apostili inadhamini saini ya kamishna. Usahihi wa Kiswahili kilichogeuzwa Kiarabu unabaki juu ya mfasiri, kwa hiyo mtafute anayezijua lugha zote mbili kabla ya kulipia muhuri wowote.