Mtemi na Watu wa Ngoma: Mizizi ya Mfarakano Usukumani

Nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, zamani ilikuwa na tawala ndogondogo zilizojitegemea, zikiwemo Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu, na kila moja iliongozwa na mtemi, yaani mtawala aliyebeba dhamana ya mvua, ardhi na amani. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, lakini mfarakano wao na raia haukuzaliwa na vuguvugu la uhuru, kwani chimbuko lake lilianzia enzi ya Wajerumani.

Kwa desturi ya Wasukuma, wenyeji wa nchi hiyo, mtemi hakujiweka mwenyewe madarakani. Alichaguliwa na banang'oma, yaani watu wa ngoma, ambao walikuwa baraza la wazee lililotunza ngoma ya utemi na miiko yake, na baraza hilohilo liliweza kumwondoa mvua ilipokataa kunyesha au alipowadhulumu watu. Kando yao walikuwapo banamhala, wazee wa vijiji, na basumba batale, viongozi wa vijana wa kazi za shamba, ambao bila ridhaa yao amri ya mtemi haikutekelezeka.

Ukoloni ulikata kamba hiyo iliyomfunga mtemi kwa watu wake. Wajerumani, na baadaye Waingereza, walimfanya mkusanya kodi, na sheria ya mwaka 1926 iliyoweka utawala wa kupitia wenyeji ikamfanya mtumishi wa serikali mwenye mshahara, ambaye kuthibitishwa na kuondolewa kwake kulitegemea kauli ya serikali. Hivyo baraza lilibaki na heshima yake, lakini nguvu ya kumrudi mtawala ilihama.

Pengo hilo lilipanuka baada ya mwaka 1947, ulipoanzishwa mpango wa maendeleo ya Usukuma, kwa kuwa amri za kulima kwa matuta na kupunguza mifugo zilitolewa kwa jina la watemi, na waliozikaidi wakatozwa faini katika mahakama za watemi hao. Wakulima wa pamba, waliokuwa wakijenga ushirika chini ya Paul Bomani, wakapata humo jukwaa ambalo mtemi hakulitawala, huku TANU, chama kilichopigania uhuru, kikizuiwa kuendesha shughuli zake Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, mwaka ambao machafuko ya wananchi huko Geita, pia Usukumani, yalidhihirisha kwamba raia hawakuwa tayari tena kuamuliwa mambo bila kushirikishwa.

Uingereza yenyewe ilikuwa imepitia mfarakano kama huo wa mtawala na raia wake, kwa maana Mfalme Charles wa Kwanza alitawala bila bunge tangu mwaka 1629 hadi 1640, akatoza fedha ambazo bunge halikuziridhia, na mwaka 1642 vita vikazuka. Usukumani hapakuwa na vita vya namna hiyo, kwa sababu nyuma ya mtemi yalisimama majeshi ya mkoloni, na ugomvi ukapitia katika ushirika na chama cha siasa.

Watemi hawakuangushwa na sheria ya mwaka 1963 peke yake. Utemi ulianza kufa siku mtemi alipoacha kuwajibika kwa wale waliomkabidhi ngoma, na sheria hiyo ilikuja tu kuuzika.