Uwezo joto wa mmumunyo

Uwezo joto wa mmumunyo ni kiasi cha joto kinachohitajika ili kupandisha halijoto ya mmumunyo kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Ukihesabiwa kwa kila gramu huitwa joto mahususi. Haupatikani kwa kujumlisha tu uwezo joto wa vitu vilivyochanganywa, kwa sababu molekuli za maji hubadili mpangilio wake kulingana na kitu kilichoyeyushwa.

Maji ya chumvi

Joto mahususi la maji safi ni takriban jouli 4.18, na la maji ya bahari takriban 4.0. Katika maziwa ya chumvi, kama Singidani na Kindai karibu na mji wa Singida, Tanzania, maji yanapopungua wakati wa kiangazi chumvi hukolea na joto mahususi hushuka.

Joto mahususi la chumvi kavu ya mezani ni takriban jouli 0.86. Kwa kujumlisha, mmumunyo wenye chumvi 20% kwa uzito ungekuwa na jouli 3.5, vipimo huonyesha takriban 3.4. Upungufu huo hutokea kwa sababu ioni za chumvi hushikilia molekuli za maji zilizo jirani nazo.

Etha

Etha ni kampaundi ambazo atomu ya oksijeni huunganisha makundi mawili ya kaboni. Katika maji huleta matokeo yaliyo kinyume na ya chumvi. Maji yanayozunguka sehemu za kaboni na hidrojeni hujipanga, na mpangilio huo huvunjika polepole halijoto inapopanda. Kuuvunja kunahitaji joto la ziada. Hivyo, katika mmumunyo hafifu, kila moli ya etha huchangia uwezo joto mkubwa kuliko ikiwa peke yake.

Kiyeyushi kikiwa mchanganyiko wa maji na ethanoli nyingi, mpangilio wa maji hudhoofika na ongezeko hilo hupungua.

Upimaji

Kwa kuwa tofauti hizo ni ndogo, hupimwa kwa kalorimita nyeti, kama ile ya mtiririko iliyoelezwa na Patrick Picker na wenzake wa Kanada mwaka 1971.

Dietili etha huchemka kwenye 34.6 °C usawa wa bahari. Mjini Singida, takriban mita 1,500 juu ya usawa huo, huchemka mapema zaidi. Mvuke wake hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo haipaswi kutumiwa karibu na mwali wowote maabarani.