Kikuyu Kwenye Chombo cha Anga: Star Wars, Marudio Yake na Deni la Nairobi

Kutimia kwa miaka 10 tangu filamu ya The Force Awakens ianze kuonyeshwa Desemba 2015 kunatoa nafasi ya kuipima upya kazi hiyo, hasa jijini Nairobi, ambako mfululizo wa Star Wars una historia ambayo haijapewa uzito unaostahili. Filamu hiyo ilitangazwa kuwa mwendelezo, lakini kwa umbo lake ni marudio, yaani hadithi ya zamani iliyotengenezwa upya kwa wahusika na mitambo mipya, na kwa sababu hiyo haiwezi kuhukumiwa bila kuwekwa sambamba na ile ya kwanza.

Hatua kuu zinajulikana. George Lucas alitoa Star Wars nchini Marekani tarehe 25 Mei 1977, zikafuata filamu mbili mwaka 1980 na 1983, na baada ya awamu ya pili ya filamu tatu kampuni yake ya Lucasfilm ilinunuliwa na Disney mwaka 2012 kwa takribani dola bilioni 4, ndipo J.J. Abrams akakabidhiwa kazi ya kuongoza The Force Awakens.

Ulinganifu wa filamu hizo mbili hauhitaji darubini. Mwaka 1977 roboti mdogo aliyebeba siri ya waasi anaangukia sayari ya jangwa na kuishia mikononi mwa kijana yatima. Mwaka 2015 roboti mwingine mwenye siri nyingine anapatikana jangwani na Rey, msichana aliyeachwa na wazazi wake. Kote kuwili kuna baa iliyofurika viumbe wa kila sayari, kuna mzee mlezi anayeuawa mbele ya macho ya vijana, na kuna silaha kubwa ya kuangamiza sayari inayolipuliwa na vyombo vidogo vya anga vilivyogundua sehemu yake dhaifu. Ni kweli kwamba Lucas naye alikopa, kwani alichota katika The Hidden Fortress, filamu ya mwaka 1958 ya Mjapani Akira Kurosawa, na katika visa vya Flash Gordon vya miaka ya 1930; lakini alikopa kwa wengi akaunda kitu ambacho hakikuwapo, ilhali Abrams alikopa kwa mmoja na kurudisha kile kile, kikiwa kimesuguliwa na kung'arishwa. Marudio hayo yana ufundi wa hali ya juu, yana hisia, na yaliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani, ila ujasiri wa mtangulizi wake hayana.

Kipimo kilicho karibu zaidi na Nairobi, hata hivyo, ni cha sikio. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Lucas, ameeleza kwamba lugha za viumbe wa filamu hizo alizitengeneza kwa kusikiliza lugha hai ambazo masikio ya Wamarekani hayakuzizoea, ndiyo maana Kizulu kilichoharakishwa kikawa msingi wa lugha ya Wajawa, wachuuzi wa jangwani, na Kikalmyk kikachangia lugha ya viumbe wa msituni wa mwaka 1983. Katika filamu hiyo ya 1983, Return of the Jedi, sauti ya rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani.

Nien Nunb ni kiumbe mwenye macho meusi makubwa na mashavu yaliyokunjamana, ambaye mdomo wake ulichezeshwa na fundi wa vikaragosi. Anaketi kando ya nahodha Lando Calrissian katikati ya vita, akizungumza harakaharaka, naye Lando anamjibu kwa Kiingereza kana kwamba ameelewa kila neno. Maneno yake hayakuandikiwa tafsiri chini ya picha. Kwa miaka mingi mashabiki wa ng'ambo walikuwa wakielezwa kwamba lugha hiyo ni Kihaya, lugha ya Wahaya wa Kagera nchini Tanzania, lakini wasemaji wa Kikuyu walitambua sentensi nzima za lugha yao wenyewe, wakashikilia hivyo, na haki iko upande wao, kwa kuwa anayejua lugha tangu utotoni hahitaji kitabu cha shabiki kumwambia anachokisikia. Kijana mwenye jina la Kikalenjini akasema Kikuyu katika chombo cha anga cha Wamarekani, na Wakenya wakawa miongoni mwa watu wachache duniani waliomwelewa kiumbe huyo. Kosa la kuchanganya Kikuyu na Kihaya linaonyesha jinsi lugha za Kiafrika zilivyochukuliwa: kama malighafi ya sauti isiyo na mwenyewe.

Marudio ya 2015 yalirekebisha sehemu ya kosa hilo. Rotich aliitwa tena, miaka 32 baadaye, kumpa Nien Nunb sauti, na nafasi kubwa zaidi ikapewa Lupita Nyong'o, aliyesoma katika Shule ya St. Mary's, Westlands, na ambaye akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players katikati ya jiji. Aliigiza Maz Kanata, mwenye ile baa, kwa mbinu ya kunasa miondoko, ambamo vitambuzi huhamisha mwendo na uso wa mwigizaji hadi kwenye kiumbe kilichochorwa na kompyuta. Walikuwapo waliolalamika kwamba mshindi wa Oscar ya 2014 amefichwa uso. Mwenyewe alieleza kwamba alitamani kazi ambayo mwili wake haungekuwa jambo kuu. Maelezo yake yanastahili kuheshimiwa, lakini ukweli unabaki kwamba Wakenya wote wawili wamesikika katika mfululizo huo bila kuonekana.

Tangu hapo mengi hayajaongezeka katika sinema ya Nairobi. Kumbi kadhaa za sinema za katikati ya jiji zimegeuzwa makanisa na maduka, na watazamaji wamehamia kwenye majumba ya biashara ya Westlands na Barabara ya Ngong. Hata hivyo, mwongozaji Wanuri Kahiu alikwisha kuonyesha njia kwa Pumzi ya mwaka 2009, bunilizi fupi ya kisayansi kuhusu Afrika Mashariki iliyoishiwa maji, ambayo ilipigiwa picha Afrika Kusini. Kenya imetoa sauti, mwigizaji na mwongozaji wa kiwango cha dunia. Kinachohitajika sasa ni serikali na wawekezaji kugharamia filamu ambazo Wakenya watazitunga wenyewe, na kumbukumbu za taifa kuhifadhi jina la Kipsang Rotich kabla halijabaki mikononi mwa mashabiki wa ng'ambo peke yao.